Mkanda Uliobadilishwa: Uchambuzi wa Kisa cha Filamu ya Noi vivi, Roma 1942

Kwa nini kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaotunza filamu, wanaogeuza riwaya kuwa filamu, na wale wanaoketi kwenye meza ya uhariri wakiwa na mkanda wa zamani ambao walioutengeneza hawapo tena wa kuulizwa. Filamu yenyewe, mwongozaji wake, waigizaji wakuu na mwandishi wa riwaya ni wa hadharani, na bila kuwataja habari haieleweki. Wengine wote, yaani meneja wa studio, mawakili, wamiliki wa baadaye wa mkanda na mhariri wa mwisho, nimewataja kwa kazi zao tu, kwa kuwa ninachotaka kukipima ni maamuzi waliyoyafanya.

Usuli

Serikali ya Mussolini ilitambua mapema nguvu ya sinema. Mwaka 1924 ilianzisha taasisi ya LUCE ya kutengeneza habari za picha. Mwaka 1932 likaanza tamasha la filamu la Venezia. Mwaka 1934 ikaundwa idara ya dola ya kusimamia filamu, ambayo ilisoma miswada kabla kamera haijawashwa. Na tarehe 28 Aprili 1937 zikafunguliwa studio kubwa za Cinecittà pembezoni mwa Roma. Mwaka 1938 sheria ikaipa dola ukiritimba wa kuingiza filamu za nje, na makampuni manne makubwa ya Marekani yakajiondoa katika soko la Italia. Watazamaji walikuwepo, filamu za kuwatosha hazikuwepo, na watayarishaji wa nyumbani wakakimbilia kulijaza pengo hilo, wengi wao kwa hadithi nyepesi za matajiri wanaozungumza kwenye simu nyeupe ndani ya vyumba vinavyong'aa.

Miongoni mwa waliolijaza pengo hilo ilikuwa Scalera, kampuni ya Roma iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1938. Mwongozaji iliyempa kazi tunayoizungumzia alikuwa Goffredo Alessandrini, aliyezaliwa Cairo mwaka 1904. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulikumbuka jina hilo. Miaka michache tu baada ya majeshi ya Italia kuivamia Ethiopia Oktoba 1935 na kuingia Addis Ababa Mei 1936, Alessandrini aliongoza filamu mbili zilizohusu ardhi hiyo, Luciano Serra pilota ya 1938 na Abuna Messias ya 1939, na zote mbili zilipata Kombe la Mussolini mjini Venezia. Kwa hiyo mtu aliyekabidhiwa kazi hii hakuwa mpinzani aliyejificha. Alikuwa fundi mzuri aliyeaminiwa na utawala, naye alikwisha kuutumikia.

Riwaya iliyochaguliwa iliandikwa na Ayn Rand, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1905, akahamia Marekani mwaka 1926, na kuichapisha mwaka 1936. Ni hadithi ya Petrograd, jina la St. Petersburg wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kira, binti wa familia iliyonyang'anywa mali, anataka kusomea uhandisi. Anampenda Leo, mtoto wa ukoo wa kifahari ambaye baadaye anaugua kifua kikuu. Na ili apate fedha za kumpeleka Leo katika nyumba ya matibabu huko Crimea, anakubali kuwa mpenzi wa Andrei, afisa wa polisi wa siri ambaye anakiamini chama chake kwa moyo wote. Andrei hajui lolote. Siku anapofika kumkamata Leo kwa biashara ya magendo, anaona nguo za Kira ndani ya kabati la Leo, na imani yake yote, ya mapenzi na ya chama, inaporomoka kwa pamoja.

Mfuatano wa matukio

Filamu ilitengenezwa Roma wakati vita vimepamba moto. Italia na Marekani zilikuwa zimetangaziana vita tangu tarehe 11 Desemba 1941, na studio ikaichukua riwaya bila ruhusa ya mwandishi na bila kumlipa. Petrograd ilijengwa ndani ya studio, na Warusi waliokimbilia Roma baada ya mapinduzi wakaitwa kujaza mitaa yake. Alida Valli, ambaye alikuwa na umri wa miaka kama 21, alicheza Kira. Rossano Brazzi akawa Leo. Fosco Giachetti akawa Andrei.

Kulikuwa na muswada ulioandaliwa na waandishi wawili wenye majina makubwa. Uliwekwa kando. Mwongozaji na mwandishi msaidizi wakaamua kukaa na kitabu chenyewe mkononi na kuandika maonyesho huku upigaji picha ukiendelea. Kazi ikarefuka kupita kiasi, hata ikalazimu igawanywe filamu mbili: Noi vivi, yaani "Sisi tulio hai", na Addio Kira, "Kwaheri Kira".

Zote mbili zilionyeshwa katika tamasha la Venezia la mwaka 1942, kisha zikaingia katika majumba ya sinema, na watu wakafurika. Haikuchukua muda mitaani zikapewa majina mengine. Noi vivi ikawa Noi morti, "Sisi tuliokufa". Addio Kira ikawa Addio lira, kwaheri kwa sarafu ya nchi.

Baada ya miezi michache serikali ikaziondoa filamu hizo na kuagiza ziharibiwe. Kwa masimulizi ya watu waliokuwa ndani ya studio, meneja alikabidhi mkanda wa filamu nyingine uende kuharibiwa, na mkanda mama wa Noi vivi, yaani ule wa asili ambao kopi hunakiliwa kutoka kwake, ukafichwa kwa mtu aliyeaminika. Mussolini aliangushwa tarehe 25 Julai 1943.

Vita vilipokwisha, Rand alipata habari kwamba riwaya yake ilikuwa filamu. Aliiona, akavutiwa hasa na uigizaji wa Valli, na papo hapo akaingia katika madai ya haki yake. Studio ya Scalera nayo ilidhoofika, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mikanda yake ikapita mikono ya watu wengine. Waigizaji waliendelea na maisha yao: Valli alionekana katika The Third Man ya 1949, Brazzi katika South Pacific ya 1958. Filamu waliyoibeba mabegani mwao mwaka 1942 haikuonekana popote.

Mwaka 1968 mawakili wa Rand waliutafuta mkanda, wakaukuta Roma kwa wafanyabiashara waliokuwa na rundo la filamu za zamani za Italia, na wakaununua. Rand alianza kuupitia pamoja na mhariri, akieleza kipi kibaki na kipi kitoke. Alifariki tarehe 6 Machi 1982 kabla kazi haijakamilika. Mwaka 1986 filamu moja ya karibu saa tatu, iliyounganishwa kutoka zile mbili na kuwekewa tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, ilionyeshwa katika tamasha la Telluride nchini Marekani, na miaka miwili baadaye ikaingia katika majumba ya sinema.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kuichukua riwaya bila ruhusa unaelezeka kwa urahisi, ingawa hautetewi. Mwandishi alikuwa katika nchi adui. Fedha za kigeni zilikuwa adimu. Barua ya kuomba ruhusa isingekuwa na njia ya kupita. Kitabu nacho kilikuwa kinauzwa Italia kwa tafsiri ya Kiitaliano, kwa hiyo hadithi ilikwisha kuwa na wapenzi. Studio ilihesabu kwamba hakuna atakayeidai wakati wa vita. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa muda wa vita tu.

Uamuzi wa serikali wa kuiruhusu unahitaji kutazamwa zaidi. Majeshi ya Italia yalikuwa Urusi tangu 1941, na kiangazi cha 1942 yalikuwa yameongezwa hadi kuwa jeshi zima kwenye mstari wa mto Don. Hadithi iliyoandikwa na Mrusi aliyeikimbia nchi yake, inayoonyesha jinsi chama cha kikomunisti kinavyomla mtu aliye hai, ilionekana kama zawadi. Wakaguzi waliongeza humo maneno ya propaganda yao wenyewe ili ujumbe usipotee njia, na kwa macho yao shabaha ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa Moscow.

Uamuzi wa kuuweka kando muswada ulikuwa wa kisanaa, na nadhani ndio uliozaa mengine yote. Muswada ulioandikwa mapema hupita mezani kwa mkaguzi, hupunguzwa makali, hurudi ukiwa mpole. Onyesho linaloandikwa asubuhi na kupigwa picha mchana halina mkaguzi ila mwongozaji. Alessandrini alitaka kuwa mwaminifu kwa kitabu, na uaminifu huo ulihifadhi kitu ambacho muswada wa kawaida ungekiacha: mgogoro wa riwaya ni kati ya mtu mmoja na dola yoyote inayodai kwamba maisha yake ni mali yake. Jina la dola hiyo ni jambo la pili.

Kuhusu kuufungia mkanda, sababu ilikuwa vicheko vya mitaani. Utawala ulioisifu filamu mjini Venezia uligundua kwamba watazamaji hawakuwa wakiitazama Petrograd. Walikuwa wakijitazama wenyewe.

Na uamuzi wa meneja? Alikuwa na amri ya serikali ya wakati wa vita, naye alijua kwamba kinachohesabiwa na anayepokea mikanda ni makopo na lebo, kwani hakuna anayekaa kufungua kila kopo na kuinua mkanda kwenye mwanga. Hata filamu ya saa tatu tu ni karibu mita 4,900 za mkanda wa milimita 35, ikiwa imegawanywa katika makopo mengi mazito ya bati. Alichokifanya kinahitaji watu kadhaa: wa kubeba, wa kubadilisha lebo, wa kunyamaza. Alihatarisha maisha yake kwa kazi ambayo studio haikuwa hata na haki halali ya kuimiliki. Naona jambo hilo ni zito, na halipunguzwi na ukweli kwamba mkanda mama ulikuwa pia ndio mtaji wa studio.

Matokeo

Filamu ipo. Hilo ndilo tokeo la kwanza, na si dogo, kwa kuwa filamu nyingi za miaka ile zimepotea bila ya yeyote kuamuru zipotee.

Ni vizuri kueleza kwa nini. Mikanda ya milimita 35 ya wakati ule ilikuwa ya naitrati, ambayo iliendelea kutumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Anayefungua kopo la mkanda wa naitrati ulioachwa kwenye joto hukutana kwanza na harufu kali inayochoma pua. Picha huwa imefifia na kugeuka kahawia. Uso wa mkanda hunata kiasi kwamba zamu moja hushikana na nyingine na kung'oka nayo. Baadaye hutoka povu, na mwisho kopo hubaki na unga wa kahawia. Ukishika moto hauzimiki kwa maji, maana unapoungua hujitolea oksijeni wenyewe. Mkanda wa Noi vivi ulifichwa, ukahamishwa, ukauzwa, ukakaa kama miaka 25 bila ya mtu kuutazama, na bado mwaka 1968 ulikuwa na picha ya kuweza kunakiliwa. Sehemu ya jambo hilo ni bahati. Sehemu nyingine ni kwamba kilichofichwa kilikuwa mkanda mama. Kopi ya jumba la sinema hupita kwenye mashine mara mamia, hukwaruzwa, hukatika na kuungwa. Mkanda mama hutoka koponi kwa ajili ya kunakiliwa tu.

Tokeo la pili ni kwamba mwandishi alipata sauti juu ya kazi iliyochukuliwa kwake. Tokeo la tatu ni kwamba filamu ambayo ulimwengu wa nje ya Italia unaijua sasa ni fupi kuliko ile iliyoonyeshwa mwaka 1942, haina vijihadithi kadhaa vya pembeni, na imeondolewa maneno yaliyoingizwa na wakaguzi wa kifashisti.

Uchambuzi

Nianze na kosa la wakaguzi, kwa sababu linafundisha zaidi. Walisoma filamu kwa kumtazama adui anayetajwa ndani yake. Watazamaji waliisoma kwa kutazama hali. Mkate ulianza kugawiwa kwa kadi nchini Italia Oktoba 1941, gramu 200 kwa mtu kwa siku, na Machi 1942 ukashushwa hadi gramu 150. Mtu aliyekuwa amekula kipande chake asubuhi aliingia kwenye giza la sinema jioni na kuona Warusi wamepanga foleni ya mkate. Kadi ya chama cha Mussolini ilikuwa sharti la kupata kazi ya serikali, hata watu wakazifasiri herufi PNF, kifupisho cha jina la chama hicho, kuwa "per necessità familiare", kwa mahitaji ya familia. Mtu huyohuyo alimwona kwenye skrini kijana anayefukuzwa chuoni kwa sababu ya ukoo wake na mwingine anayepanda cheo kwa sababu ya kadi yake. Hakuhitaji mtu wa kumwelekeza. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, na hapa aliyeutega ndiye aliyenaswa mguu. Maneno ya propaganda yaliyoongezwa hayakusaidia, kwa kuwa yaliwaambia watu jina la mji wakati macho yao yalikuwa kwenye foleni.

Na kuna jambo la uigizaji ambalo wachambuzi wa siasa hulipita haraka. Giachetti alikuwa sura ya askari shupavu katika filamu za vita za utawala ule. Ndiye kapteni wa Lo squadrone bianco ya 1936, filamu ya jangwa la Libya. Kumpa yeye nafasi ya Andrei kulimaanisha kwamba uso uleule uliozoeleka kubeba nidhamu na utii ndio sasa uliosimama mbele ya chama na kukiri kwamba utii wake uliua kitu kilicho bora kuliko chama. Sijui tamko lolote la mdomo lingeweza kufanya kazi ile iliyofanywa na mabega ya mtu huyo yanapolegea mbele ya kabati. Filamu inakaa pale kwa muda, haikimbilii machozi. Kwa anayefundisha uigizaji, dakika zile zinatosha somo zima.

Kilichofaulu bila ubishi ni uaminifu kwa kitabu. Umeleta urefu usio na mpango, na katika nusu ya pili mwendo unazembea, lakini bila huo pasingekuwa na filamu ya kuogopwa.

Kilichoshindwa bila ubishi ni haki ya mwandishi. Wako wanaosema vita vilihalalisha yote, mimi sikubali. Studio ingeweza kuweka fungu la mwandishi pembeni hadi amani irudi. Kwa kutofanya hivyo, ilijifungia mlango wa kuiuza filamu nje ya Italia mara tu bunduki ziliponyamaza, wakati ambapo Valli na Brazzi walikuwa wakifahamika kimataifa na watazamaji wangekuwa tele. Miaka zaidi ya 40 ya giza imetokana na madai hayo kuliko ilivyotokana na amri ya Mussolini, ambayo iliisha naye.

Udhaifu mwingine ni wa kumbukumbu. Habari ya kubadilishwa kwa mkanda imetufikia kwa midomo ya waliohusika, ikisimuliwa baada ya miaka mingi, na inaeleweka kwamba hakuna anayeandika risiti ya tendo kama lile. Lakini baada ya 1945 hatari ilikuwa imepita. Ukurasa mmoja tu uliotiwa sahihi, wenye orodha ya makopo, mahali yalipofichwa na waliobeba, ungewapa watu hao heshima yao kamili na ungetupa sisi ushahidi wa kushika mkononi.

Sasa nifike kwenye meza ya uhariri, mahali ninapotofautiana na wengi wanaoipenda filamu hii. Rand alikuwa na haki ya kukasirika. Riwaya yake ilichukuliwa, na juu ya hayo utawala aliouchukia ukatia maneno yake ndani ya vinywa vya wahusika wake. Alipoketi na mhariri na kusema mstari huu utoke, alikuwa anarudisha kilicho chake, na kitaalamu kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa mkanda wa picha na mkanda wa sauti ni vitu viwili tofauti hadi vinapounganishwa kwenye kopi. Kama msomaji wa riwaya, nafurahi kwamba ipo filamu iliyo karibu na kitabu kiasi hiki.

Hata hivyo mkanda uliofichwa mwaka 1943 ulikuwa pia ushahidi. Ulikuwa na alama za vidole vya kila aliyeugusa: mwongozaji aliyetoka kuitukuza himaya ya Italia huko Ethiopia, Warusi waliokimbilia Roma, binti wa miaka 21, na mkaguzi aliyeamini kwamba sentensi mbili za nyongeza zitamlinda bwana wake. Ukiyaondoa maneno ya mkaguzi, unamwondolea aibu. Mtazamaji wa toleo la 1986 anaona filamu inayoupinga udhalimu na anajiuliza, kwa haki kabisa, ilikuwaje Mussolini akairuhusu. Jibu la swali lake lilikuwa kwenye vipande vilivyokatwa.

Mtu akiletewa leo mkanda wa namna hii, ningemwomba anakili kwanza kila kitu, kwa mpangilio uleule uliokutwa, ikiwa ni pamoja na yanayokera, kabla mkasi haujagusa popote. Baada ya hapo toleo la mwandishi litengenezwe kutoka kwenye nakala. Kila kinachotolewa kiingie katika kopo lake chenyewe, baridi na pakavu, na lebo ya kopo hilo isizidi mistari mitatu: maneno haya yaliingizwa na serikali mwaka 1942, yalitolewa kwa matakwa ya mwandishi, picha yake inaanzia pale Andrei anaponyanyuka kuzungumza.